Mheshimiwa Anaegemea Kulia

Siku fundi wa ngozi alipowaona kwa karibu kwa mara ya kwanza, hawakubisha hodi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mkoba wa shule magotini, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, mara chumba kikaingia giza. Akainua macho. Dirishani palikuwa na kichwa cha farasi: kichwa kizima, masikio na yote, na jicho moja kubwa likikagua kopo la gundi. Nje kitu kikapasuka. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, bila haraka wala aibu:

"Habari za asubuhi, fundi. Tulikuwa tunapita."

Fundi akajibu, "Ndiyo."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa mambo mengi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, darasa la saba alilimaliza kwenye dawati la nyuma kabisa, na huko nyuma ndiko alikogundua kwamba ukisema "ndiyo" watu huondoka mapema. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi wake, alimpachika jina la Bwana Ndiyo, naye fundi alipoulizwa kama jina hilo linamuudhi alijibu, ndiyo, na likabaki.

Mwenye farasi alishuka kwenye gari la kukokotwa akazunguka mpaka mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, mabega ya mtu aliyebeba kreti za mikate maisha yake yote, kichwani kofia ya pama iliyokuwa ya marehemu baba yake. Mji mzima ulimwita Dada Mkubwa, hata wazee waliomzidi umri.

"Fremu ya dirisha nitalipa," akasema. "Sikuja kwa hilo lakini. Nilikuwa nakuja kwako kweli, ila nilikusudia kupitia mlangoni. Huyu Mheshimiwa ndiye kaamua dirisha."

Mheshimiwa, ambaye bado alikuwa na kichwa ndani, alipiga chafya juu ya gundi.

Habari za watu hawa fundi alikuwa akizisikia kwa kinyozi, maana hakuna asiyezijua. Baba yao alikuwa mchukuzi wa mikate ya bekari. Alipofariki aliacha gari moja, farasi mmoja, na mabinti wawili wasiokubaliana hata juu ya sukari ya chai. Nani awe dereva? Mkubwa alisema ni yeye kwa sababu ni mkubwa. Mdogo alisema ni yeye kwa sababu mkubwa amekuwa mkubwa vya kutosha. Wakabishana hadi majirani wakachoka kusuluhisha, na mwisho wakakata shauri ambalo halijapata kusikika kokote: kila mmoja ashike hatamu moja. Mkubwa akashika ya kulia, mdogo ya kushoto, wakaketi bega kwa bega kwenye benchi la gari, na kwa miaka kumi na moja mikate ya mji ule ilisafiri namna hiyo.

"Unamvuta sana!" mdogo alikuwa akipiga kelele.

"Wewe ndiye humvuti kabisa! Umeshika hatamu kama umeshika mkono wa mchumba!"

Na Mheshimiwa katikati yao alikwenda moja kwa moja, kama mtoto wa wazazi wagomvi aliyejifunza kutomsikiliza yeyote.

Basi mwaka huo mdogo, akiwa na miaka hamsini na miwili, akaposwa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, mgane mpole mwenye miwani. Akaolewa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Dada Mkubwa akazishika hatamu zote mbili peke yake kwa mara ya kwanza, na kabla jua halijapanda gari likagonga nguzo ya kulia ya lango la bekari. Jumatatu likagonga tena, nguzo ile ile.

"Analalia mkono wa kulia," Dada Mkubwa alimweleza fundi. "Nikishika, yeye anaweka shingo yake yote kwenye hatamu ya kulia kama mlevi kwenye bega la rafiki, na gari linamfuata huko huko. Yote hii ni kazi ya mdogo wangu. Kamdekeza, halafu kamkimbia kwenda kushonewa magauni. Sasa tazama, hatamu yenyewe imerefuka. Nipunguzie, nimkamate vizuri."

Fundi akazipokea hatamu. Akazipima kwa utepe: kweli, ya kulia ilizidi ya kushoto kwa vidole vinne. Tena alihisi jambo jingine vidoleni mwake. Ngozi ya kulia ilikuwa nyembamba, nyeusi kwa jasho, imekakamaa. Ya kushoto ilikuwa nene na laini, kama imetoka dukani mwezi uliopita.

Akataka kuuliza. Maneno yakafika kooni, yakakuta mlango umefungwa, yakarudi.

"Nipunguze?" ndilo alilopata kusema.

"Si ndiyo nilivyokwambia?"

"Ndiyo."

Akakata vidole vinne, akashona upya, akaifunga. Dada Mkubwa akapanda garini, akaivuta ya kulia kwa nguvu ili kujaribu, akaridhika.

Asubuhi ya pili, Jumatano, fundi akamwona anakuja kwa miguu. Hiyo haikuwa dalili njema.

"Fundi," akasema, akasimama mlangoni akiziba mwanga kama farasi wake alivyofanya. "Safari hii nguzo imetoa tofali. Kreti mbili zimeingia mtaroni. Mikate sitini inaogelea kwenye maji ya sabuni, na Msimamizi anaitazama kwa macho makavu."

Msimamizi wa bekari alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni, asiyepandisha sauti, na kwa sababu hiyo watu walimwogopa. Alikuwa amemwambia Dada Mkubwa maneno machache tu. Jumatatu ijayo gari lipite langoni bila kugonga. Likigonga, mikate itachukuliwa na pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo haiegemei upande wowote. Na kuhusu farasi, mwenye tanuri za matofali kule bondeni alishauliza mara mbili kama anauzwa.

"Umewahi kuwaona farasi wa matofali?" Dada Mkubwa akauliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua. "Hawafiki miaka miwili. Baba yangu alimlea Mheshimiwa kwa chupa, fundi. Alimlisha uji huku mimi nikisubiri zamu yangu ya kumlisha."

Fundi akatazama chini. Mkasi uliokata vile vidole vinne ulikuwa palepale mezani, nao ukamtazama.

Kuanzia hapo mji mzima ukageuka kuwa wataalamu wa farasi. Kinyozi akashauri apakwe pilipili upande wa kulia wa mdomo. Shemeji mwenye cherehani akashona kitambaa cha kuziba jicho moja, na Mheshimiwa akakila. Daktari wa mifugo akaja na mkoba wake, akaingiza mkono kinywani, akapata jino moja la kulia lenye ncha kidogo, akalipiga tupa kwa dakika tano, akasema, "Hilo halikuwa kubwa, lakini haliumizi kulisawazisha." Mheshimiwa akatoka hapo na jino zuri na shingo ile ile.

Fundi yeye alirudi kwenye kigoda chake na mkanda wa mteja. Kazi yake ilikuwa ya sindano mbili: uzi mmoja wa nta, sindano kila ncha, moja inapita kulia na nyingine kushoto katika tundu lile lile, kisha mikono yote miwili inavuta pamoja. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na kwa miaka thelathini mshono wake ulikuwa umenyooka kama njia ya siafu. Siku hiyo, kwa kuwaza tofali na mikate, aliposhusha macho akaona mshono umekwenda kombo. Umeinamia kulia.

Akautazama muda mrefu. Hakuna aliyehitaji kumweleza kwa nini. Mkono mmoja ukivuta zaidi ya mwenzake, mshono huufuata ulio mzito. Wala huwezi kuunyoosha kwa kuuvuta huo huo zaidi. Unaulegeza.

Akaweka mkanda chini. Sasa alijua, na kujua kwenyewe kukamletea tatizo jipya kubwa kuliko la farasi: ni nani atakayemwambia Dada Mkubwa?

Alhamisi alijaribu. Alimkuta nyuma ya bekari akipakia, akasema, "Dada, kuhusu mkono..." Dada Mkubwa akasema, "Mkono wa nani?" Fundi akasema, "Wa kreti. Huu wa kreti umelegea," akautengeneza mkono wa kreti bure, akaenda zake.

Ijumaa akapata akili. Alimtumia ujumbe kwa kinyozi kwamba alete hatamu, kuna mshono wa kuangalia. Dada Mkubwa alipofika, fundi akazilaza hatamu mbili mezani sambamba.

"Fumba macho, dada."

"Fundi, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo. Fumba."

Akafumba, kwa mshangao tu kwamba Bwana Ndiyo ameamuru kitu. Fundi akamwekea hatamu moja kila kiganja. Dada Mkubwa akazipapasa. Vidole vyake vikaenda polepole kwenye ile nyembamba, vikarudi kwenye ile nene, vikarudi tena.

"Hizi zilinunuliwa siku moja?" fundi akauliza.

"Siku moja, duka moja." Kisha, bado macho yamefumbwa: "Nani kaivuta hii hivi?"

"Mimi nashona ngozi tu, dada."

Dada Mkubwa akafungua macho. Fundi akajiandaa kwa radi. Radi haikuja. Mama yule alikaa juu ya debe la rangi, akavua kofia ya baba yake akaitazama ndani, kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Miaka kumi na moja nimemwambia mdogo wangu hajui kushika," akasema mwishowe. Halafu akachachamaa kidogo, maana hakuzoea kukaa chini muda mrefu: "Haya. Na nisipomvuta, si atakwenda moja kwa moja mtaroni?"

Hapo fundi angehitaji maneno mengi, na maneno hakuwa nayo. Basi akafanya jambo ambalo hata yeye baadaye hakuelewa lilitoka wapi. Akamchukua Dada Mkubwa mpaka uchochoroni nyuma ya karakana, akamkalisha juu ya kigoda, akampa hatamu. Yeye akaenda mbele, akageuza mgongo, akashika ncha za hatamu, moja kila mkono, karibu na mashavu yake.

"Mimi ni Mheshimiwa," akasema.

Kinyozi, aliyekuwa amevuka barabara kuja kumwaga maji uchochoroni, akaweka ndoo chini asipitwe na kitu.

"Vuta ya kulia."

Dada Mkubwa akavuta. Fundi akajitupa mbele na kulia kwa uzito wake wote. "Vuta zaidi." Akavuta zaidi. Fundi naye akazidi kulalia, mpaka wote wawili wakawa wanatetemeka na hatamu imekaza kama uzi wa kuanikia nguo.

"Huyu ndiye yeye!" Dada Mkubwa akapiga kelele. "Ndivyo afanyavyo, mshenzi!"

"Sasa achia kidogo."

Dada Mkubwa hakuwa mtu wa kidogo. Akaachia yote. Fundi akaenda na uso mpaka kwenye rundo la vipande vya ngozi, miguu juu.

Kinyozi alicheka akashika ukuta. "Mheshimiwa kaanguka! Itisheni uchaguzi!"

"Umeumia?" Dada Mkubwa akauliza, naye machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Ndiyo," fundi akasema kutoka ndani ya ngozi. Akainuka, akajipangusa, na kwa kuwa aibu yote ilikuwa imeshamwishia pale chini, akasema maneno marefu kuliko yote aliyopata kumwambia mtu mwaka ule: "Umeona, dada? Uliponivuta, nilipata pa kulalia. Ulipoachia, sikuwa na pa kulalia. Ukilegeza pole, sitaanguka, nitasimama kwa miguu yangu. Akilalia, mwondolee mkono pumzi moja. Akijibeba mwenyewe, mrudie. Akilalia tena, mwondolee tena. Usichoke kabla yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asahau."

Jumamosi nzima wakazunguka kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya bekari, yeye garini, fundi akitembea pembeni akihesabu. Mambo hayakuwa mazuri. Mheshimiwa alipolegezewa mara ya kwanza alishtuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani, akasimama, akageuka kumwangalia mwenye mkono. Mara ya kumi akaenda hatua sita amejibeba. Mara ya ishirini akarudi kulalia. Na Dada Mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuwa mwanafunzi mgumu. Kila alipoona nguzo, ndoo au hata kuku upande wa kulia, mkono wake ulikaza wenyewe bila kumuuliza.

Tena alikuwa akikaa mwisho wa benchi, upande wa kulia kabisa. Fundi akamwomba asogee katikati.

"Hapo ni pa mdogo wangu," akasema, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akasogea nusu tu.

Jumapili mdogo mtu akaja, gauni jipya, amebeba chai kwenye chupa. Alikuwa amesikia habari za matofali.

"Dada, usijitese. Kesho nitakuja nipande, nishike yangu ya kushoto, tupite langoni kama zamani. Msimamizi hatajua."

Fundi, aliyekuwa akikaza mkanda wa tumboni wa farasi, akauacha nusu. Hapo hasa ndipo palipokuwa na njia rahisi, nayo ilikuwa wazi kabisa. Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake na gauni lake jipya.

"Kesho utakuja," akasema. "Na Jumanne?"

"Jumanne pia nitakuja."

"Na Jumatano mumeo atakula nini? Nenda nyumbani, wewe. Umetoka kwenye gari hili umeolewa, hukufukuzwa. Chai iache."

Jumatatu watu waliokuwa na kazi na wasiokuwa nayo walikuwa wote nje ya lango la bekari. Lango lile lilikuwa na nguzo mbili za tofali, na kati ya kitovu cha gurudumu na nguzo palibaki nafasi ya kiganja kimoja kila upande, si zaidi. Msimamizi alisimama kando ya nguzo ya kulia, karibu na pengo la tofali, kalamu sikioni. Fundi alisimama nyuma ya watu wote, nyuma hata ya mti wa taa, akiwa na hakika kwamba kila mtu anamwona.

Gari likatokea kwenye kona. Dada Mkubwa alikaa katikati ya benchi, katikati kabisa, peke yake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hatua thelathini kabla ya lango Mheshimiwa akaiona nguzo, rafiki yake wa zamani, akaweka shingo kulia.

Fundi aliuona mkono wa Dada Mkubwa ukikaza. "Achia," akasema, lakini kwa sauti yake, ambayo hata mti wa taa haukuisikia.

Mkono ukakaza bado. Hatua ishirini. Gari likaanza kuteleza kulia. Watu wakaanza kusema "oo." Ndipo fundi akamwona Dada Mkubwa akifanya kile ambacho, kwa kumjua, lazima kilimgharimu kuliko kung'olewa jino: akafumba macho, na mkono wa kulia ukashuka taratibu juu ya paja lake, hatamu imelegea, inaning'inia.

Mheshimiwa akayumba. Akatafuta pa kulalia, hakupaona. Akainua shingo, akajivuta, akanyooka, akapita. Gurudumu la kulia lilipita mbali na nguzo hata mtu angeweza kupitisha mkate mzima katikati. Mbali kidogo kuliko ilivyohitajika, kusema kweli, kwa sababu upande wa pili kukasikika *krrr*, na nguzo ya kushoto, ambayo haijaguswa tangu lango lijengwe, ikapata mchubuko wake wa kwanza.

Watu wakageukia nguzo ya kushoto.

"Umegusa," Msimamizi akasema.

Dada Mkubwa akafumbua macho, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nimegusa ya kushoto. Kesi ilikuwa ya nguzo ya kulia. Ya kushoto leo ndiyo mara yake ya kwanza, na kosa la kwanza mtu huonywa."

Watu wakacheka, na Msimamizi, ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, akayaonyesha mawili. "Umeonywa," akasema. "Pakia mikate."

Ukidhani baada ya hapo Dada Mkubwa alitangaza ukweli, humjui. Alipoulizwa na kinyozi farasi amepona kwa nini, alijibu bila kupepesa: "Jino. Daktari alilipiga tupa." Fundi alikuwa palepale. Akaulizwa, "Kweli, Bwana Ndiyo, lilikuwa jino?" Nawe unajua alijibu nini. Kwa miezi kadhaa watu waliwaleta kwa daktari punda wakaidi, mbuzi wanaokula nguo, na mara moja mume asiyerudi nyumbani, apigwe tupa.

Kwa miaka minne gari likapita lango lile kila asubuhi, na katika kupita huko likawa na desturi ya kusimama mbele ya karakana, mlangoni safari hizi, na Dada Mkubwa kuingia na mkate wa jana na maneno ya leo. Yeye alizungumza, fundi akashona. Akimaliza kusema husema, "Leo umeongea sana, fundi, umenichelewesha," akatoka. Kila mwaka fundi alizipima hatamu kwa utepe na kuzisawazisha, bila yeye kuombwa. Mwaka wa kwanza tofauti ilikuwa upana wa kidole. Mwaka wa tatu haikuwepo, naye aliukunja utepe tu, na Dada Mkubwa alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni.

Kisha goti la Dada Mkubwa likakataa kupanda garini. Alibishana nalo msimu mzima, goti likashinda. Shemeji wa cherehani alikuwa amepata kazi mji mwingine, mbali, na mdogo mtu akaandika kwamba kuna chumba, na kwamba ndani ya nyumba hakuna mtu wa kugombana naye, anachoka kwa amani. Bekari ikanunua ile pikipiki. Mwenye matofali akaja tena kuuliza, na Dada Mkubwa akamjibu maneno ambayo kinyozi hadi leo huyarudia wateja wanapomwomba.

Asubuhi ya kuondoka alikuja karakanani na Mheshimiwa nyuma yake, kamba imelegea, farasi mzee mwenye mvi usoni. Akamfunga kwenye pete ya mlango. Fundi alikuwa na uga nyuma, na mzigo wa ngozi wa kuchukua mara mbili kwa wiki, si zaidi. Walikuwa wameshakubaliana, yaani yeye alisema, na fundi akasema ndiyo.

Lori lililobeba mizigo yake likapiga honi. Dada Mkubwa akampiga farasi kofi la shingo, shavu la kulia, shavu la kushoto. Akamtazama fundi, aliyekuwa ameshika hatamu zote mbili kifuani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, asijue aziweke wapi. Fundi akafungua mdomo. Maneno yakafika palepale kooni yalipozoea kufika.

"Usijisumbue," akamwambia, na kwa msaada wa dereva akapanda lori, goti likilalamika. Lilipoanza kuondoka akatoa kichwa dirishani, kofia ya baba yake mkononi, akapaza sauti mtaa mzima usikie, na kinyozi naye:

"Na akianza kuegemea tena, fundi, usimwite daktari wa meno! Safari hii anayemvuta atakuwa ni wewe!"